Nafula na Neno "Take"

Lusweti alikuwa mkata miwa upande wa Butere. Kila jioni alirudi nyumbani na masizi ya miwa iliyochomwa usoni. Alioga nyuma ya nyumba, akaja jikoni, akaketi kwenye kigoda. Mkewe Nafula alikuwa akisonga obusuma, yaani ugali. Hapo mtihani ulianza.

Lusweti alifungua daftari la mkewe. "Goat," alisoma.

"Mbuzi," alijibu Nafula bila kuinua macho.

"Blanket."

"Blanketi."

"Hilo ni la bure. Linafanana."

"Si ni sahihi? Weka haragwe, Baba Onesmus."

Lusweti alicheka, akatupa haragwe moja kwenye kopo. Akaendelea. "Take."

"Chukua."

Haragwe lingine likaingia. Huko shambani, wakata miwa huweka jiwe moja kwa kila fungu walilomaliza. Jioni mawe huhesabiwa na kila mtu hujua kazi yake. Lusweti alileta hesabu hiyo nyumbani. Neno moja la Kiingereza, haragwe moja. Kopo sasa lilikuwa na maharagwe mia nne na kumi na mawili, na Lusweti alimwambia kila aliyetaka kusikia. Hata ambao hawakutaka waliambiwa.

Nafula aliacha shule darasa la tatu, baba yake alipofariki. Sasa, akiwa na miaka arobaini na sita, alisoma gumbaru kanisani, darasa la watu wazima, kila Jumanne na Alhamisi. Alijua kusoma na kuandika Kiswahili vizuri. Kiingereza alikisoma kwa sababu moja. Mhudumu wa afya wa kijiji chao alikuwa amehamia Lugari. Nafasi yake ilikuwa wazi, na Nafula aliitaka. Aliitaka sana, tangu siku ile ilipotangazwa.

Mhudumu huyo hupita nyumba kwa nyumba. Hupima watoto homa, hueleza akina mama jinsi ya kutumia dawa, na huwaambia wakati wa kukimbilia dispensari. Lakini kadi za maelezo zimeandikwa kwa Kiingereza. Anayechaguliwa lazima azisome na kuzieleza kwa lugha ya watu. Watu wengine walisema kazi hiyo inataka mtu wa kidato cha nne. Walisema hivyo Nafula akiwa anasikia.

Wiki tatu kabla ya usaili, muuguzi wa dispensari aliwaita waombaji wote wafanye mazoezi. Muuguzi huyo aliitwa Jepkorir. Alikuwa kijana, mpole, na hakupenda kupoteza muda.

Alimpa Nafula kadi. Nafula alisimama, akasoma kwa sauti safi, neno kwa neno. "Take the child's temperature."

"Umesoma vizuri, mama," alisema Jepkorir. "Sasa nieleze kwa Kiswahili. Mimi ni mama wa mtoto."

"Chukua joto la mtoto."

"Nilichukue nilipeleke wapi?"

Waombaji wengine walicheka. Nafula alisogeza kadi karibu. Akasoma mstari wa pili. "Take one tablet after food. Chukua tembe moja baada ya chakula."

"Sawa. Nimeichukua. Nimeiweka mfukoni. Mtoto atapona?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mstari wa tatu ulisema, "Take off the blanket." Nafula alijua "blanket". Alijua "take". Lakini "off" lilimchanganya. Alirudisha kadi, akakaa chini. Uso ulimwaka kwa aibu.

Waombaji walipoondoka, yeye alibaki kwenye benchi. Jepkorir alikuja akaketi karibu naye.

"Sista, nimejifunza maneno mia nne na kumi na mawili," alisema Nafula. "Mzee wangu ameyahesabu. Kwa nini yananitoroka?"

"Hayajakutoroka. Naomba nione daftari."

Nafula alimpa. Jepkorir alifungua kurasa chache. Kila neno lilikuwa na mstari wake, na mbele yake maana moja tu.

"Mzee anafanya kazi gani?" aliuliza.

"Anakata miwa."

"Panga lake linafanya kazi gani?"

Nafula alimtazama kwa mshangao. "Linakata shina. Linaparua majani. Linakata ncha ya juu. Nyumbani linapasua kuni. Siku nyingine mimi hulitumia kukata nyasi za ng'ombe."

"Panga ni moja?"

"Ni hilo hilo moja."

"Haya. Wewe umeandika hapa kwamba panga ni la kukata shina. Ukaishia hapo." Jepkorir alichukua kalamu. "Maneno mengine ya Kiingereza, hasa yale mafupi, hufanya kazi nyingi. Utajuaje ni kazi gani? Angalia maneno yaliyo jirani. 'Take' ikiwa na dawa, maana yake ni kumeza au kunywa. Ikiwa na joto la mwili, ni kupima. 'Take the child to hospital' ni kumpeleka. 'Take off' ikiwa na blanketi, ni kulitoa. Ikiwa na nguo, ni kuvua. 'It takes three days', hiyo ni kusema jambo litamaliza siku tatu."

"Kiingereza kina vurugu," alisema Nafula.

"Na Kiswahili je? Unapiga simu. Unapiga pasi. Unapiga kura. Unapiga magoti kanisani. Nani ameumia?"

Nafula alicheka, na alipocheka kifua kilimfunguka. Kumbe jambo hili alikuwa analifanya tangu utotoni, bila mtu kumfundisha. Alikuwa nalo tayari, kwa lugha yake mwenyewe.

"Usijifunze neno likiwa peke yake," Jepkorir alimalizia. "Jifunze sentensi nzima, na uitumie siku hiyo hiyo. Andika sentensi mpya kila unapoisikia."

Jioni ile Nafula alimweleza mumewe yote. Lusweti hakufurahi.

"Maneno mia nne na kumi na mawili," alisema. "Mimi mwenyewe nimehesabu. Huyo sista anataka kutuambia hatujui kitu?"

"Hajasema hivyo. Amesema tumehesabu vibaya."

"Mimi huwa sihesabungi vibaya."

"Baba Onesmus, ukikata mashina peke yake, ukaacha majani na ncha, hilo ni fungu?"

Lusweti alimega tonge. Alikula obusuma yake polepole. Fungu la namna hiyo lori halilibebi, na hilo alilijua kuliko mtu yeyote. Mwisho alisimama, akachukua kopo, akamwaga maharagwe yote kwenye ungo. Alifanya hivyo kwa shingo upande, maana alikuwa ameyapenda maharagwe yale.

"Tunaanza upya," alisema. "Haragwe haliingii mpaka useme sentensi, na mimi nione imefanyika."

Wiki zile tatu nyumba yao ilichangamka. Nafula alisema, "Take off your gumboots," na Lusweti akavua buti mlangoni, jambo ambalo alikuwa ameombwa kwa miaka ishirini. Alisema, "Take a breath," na Lusweti akavuta pumzi mpaka akakohoa. "Take tea," na hapo hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mwana wao Onesmus, anayesoma chuo cha kilimo Bukura, alipiga simu kusalimia. Mama yake akamuuliza safari ya kuja nyumbani inakula muda gani. "How long does it take?" alisema, bila kujikwaa. Onesmus akasema, "Mama, hebu rudia." Akarudia.

Ukurasa wa "take" ulijaa. Sentensi kumi na saba. Nafula aliendelea na "give", akaendelea na "keep". Maharagwe yaliingia polepole, lakini kila moja lilikuwa na kazi yake.

Siku ya usaili ilifika. Ulifanyika katika ukumbi wa kanisa. Mezani waliketi Jepkorir, naibu wa chifu, na mzee mmoja wa kijiji. Waombaji walikuwa watano. Mmoja wao, Mitchel, alikuwa amemaliza kidato cha nne, na kila mtu alimtazama yeye. Nafula aliitwa wa mwisho.

Kadi aliyopewa hakuwahi kuiona. Ilisema, "If the child's nose is running and there is a cough, keep the child warm."

Nafula aliisoma yote kwa sauti. Kisha akarudi kwenye "running". "Run" alilijua kwa maana moja tu. Lakini hakukaa chini. Aliangalia maneno jirani.

"Neno hili, 'running', mimi nalijua kuwa ni kukimbia," alisema taratibu. "Lakini pua haina miguu. Jirani zake ni pua na kikohozi. Kwa hivyo hapa wanasema mtoto anatokwa na kamasi. Mama, kama mtoto wako anatokwa na kamasi na anakohoa, mfunike asipate baridi."

Naibu wa chifu aligeuka kumtazama Jepkorir. Jepkorir alitikisa kichwa kukubali.

"Mama, ulisoma mpaka darasa gani?" aliuliza naibu wa chifu.

"La tatu," alijibu Nafula. Hakuinamisha kichwa. "Kisha gumbaru. Na bado naendelea."

"Wenzake neno wasilolijua wamelipita," alisema Jepkorir. "Huyu amesimama akalichunguza. Mwenye kuwapa watoto dawa anafaa awe hivyo."

Nafula alichaguliwa. Jina lake liliposomwa kwenye baraza, Lusweti alisimama kabla ya mkewe. Watu walidhani ana swali. Hakuwa na swali. Alitaka tu waone ni mume wa nani. Mitchel alikuja kumpa Nafula mkono, akamuuliza darasa la Kiingereza la gumbaru huwa saa ngapi.

Miezi miwili sasa Nafula anazunguka nyumba tisini na nne. Ana begi lake la kazi na kifaa cha kupima homa. Akina mama wanameza na kunywesha dawa kwa saa zake, kwa sababu wameelezwa wakaelewa. Jepkorir anasema wagonjwa kutoka kijiji hicho wanafika dispensari mapema.

Juzi asubuhi Lusweti alikuwa akinoa panga uani. Mama mmoja mgeni alisimama langoni na mtoto mgongoni. Alikuwa ametoka kijiji cha pili, na jasho lilimtiririka.

"Hodi, mzee," alisema. "Naulizia nyumba ya yule mama anayesoma."

Lusweti aliweka panga chini. Alifuta mikono kwenye suruali, akafungua lango lote.

"Ni hapa," alisema.