Daktari Aliyetua Ukunguni

Nikisimulia hili huulizwa kama siku ile nilikuwa nimelewa. Sikuwa. Nilikuwa nimekasirika tu, tena kwa wiki nzima.

Yalimpata kaka yangu Ketill, msimamizi wa kiwanja chetu cha ndege hapa Grímsey, kiwanja cha mwisho kabisa kaskazini mwa Iceland. Kazi yake kubwa kiangazi ni kuwafukuza buabua, hawa ndege wa baharini wanaotaga mayai pembeni mwa njia ya kurukia. Rubani akikaribia, Ketill hupanda gari lake bovu na kupiga honi toka mwanzo hadi mwisho mpaka wapishe. Buabua wana hasira kunishinda hata mimi. Ukisogelea viota vyao wanakudonoa utosi hadi damu, ndiyo maana tunatembea na fimbo tumeinyanyua juu ya kichwa. Wao hudonoa palipo juu zaidi.

Juni ile wifi yangu Svanhildur, mke wa Ketill, alikuwa mjamzito. Hatuna daktari kisiwani, kwa hiyo wajawazito huvuka bara mapema. Sanduku lake lilikuwa tayari mlangoni. Ukungu ukashuka. Ndege ilikuja, ikazunguka juu yetu tukiisikia kabisa, ikarudi zake. Kesho yake vivyo hivyo. Feri nayo ilikuwa ikitengenezwa bara. Kila tukipiga simu hospitali tunaambiwa tusubiri. Neno hilo nalichukia mpaka leo.

Mchana mmoja tulikuwa tunakunywa kahawa, chupa yake ya uzazi ikapasuka.

"Bado, wifi! Siku zako bado!" nikasema kama mjinga.

"Mwambie huyu tumboni, usiniambie mimi!" akanifokea.

Ketill akakimbilia redioni kiwanjani. Mimi nikabaki na Svanhildur, na haikuchukua muda nikaona kitu ambacho sikutaka kukiona. Ulikuwa umetangulia mguu mdogo, wa buluu. Mimi nimezalisha kondoo maishani mwangu, watu sijawahi. Nilijua tu kwamba tusipopata daktari, tungewapoteza wote wawili.

Huko kiwanjani, kama Ketill alivyonieleza baadaye, redio ilikoroma, sauti ikasema, "Nimemleta daktari. Safisha njia." Kaka yangu alitaka kulia kwa furaha. Akapita na gari, honi ikilia. Buabua wakaruka wakipiga kelele, kisha wakarudi kwenye mayai yao. Mngurumo ukashuka. Akasikia magurudumu yakigusa chini, yakapita ubavuni mwake ndani ya ukungu. Kisha kimya.

Hakuona taa. Hakuona ndege yoyote.

Akashuka na fimbo yake, buabua wakamvamia. Ndipo mtu akatokea. Koti refu, linachuruzika maji. Mkoba mkononi. Hana fimbo. Alikuja akikatiza katikati ya viota, na buabua walikuwa wamelala juu ya mayai yao. Hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa.

"Mgonjwa yuko wapi?" mtu yule akanong'ona.

Ketill akaliacha gari na kutimua mbio.

Aliingia nyumbani akafunga mlango, akausukumia kabati.

"Daktari yuko wapi?" nikamuuliza.

"Yule si daktari, dada. Buabua hawamwoni."

Nilitaka kumzaba kofi. Mke anakufa, yeye ananiletea habari za buabua!

Mlango ukagongwa. Mara moja.

Kwetu aliye hai hugonga mara tatu. Zamani mgeni alisimama dirishani akasema, "Mungu awe humu." Asiyeweza kulisema hilo hafunguliwi.

"Sema Mungu awe humu," Ketill akanong'ona.

Kimya.

"Nimechelewa," sauti ikasema. "Nifungulieni."

"Fungua!" Svanhildur akalia. "Hata akiwa shetani, Ketill, fungua!"

Ketill aliukandamiza mgongo kwenye kabati. Hakufungua. Simu ikalia, nikaidaka. Alikuwa muuguzi kutoka bara. Ndege bado haijaondoka, alisema. Tusubiri.

Niliibamiza simu ile nikatukana. Nilipogeuka, sauti ilikuwa imehamia dirishani.

"Usivute mguu. Mpigishe magoti."

Nikatii. Ningefanya nini?

"Usimguse mtoto. Mwache ashuke. Sasa shika nyonga. Taratibu."

Mtoto akashuka, mlegevu. Sikumsikia. Kisha nikamsikia, analia. Nikamviringisha kwenye taulo, nikamgeukia Svanhildur aliyekuwa amezimia, nikampiga mashavu, nikamwita mpaka akafumbua macho. Dirishani hapakuwa na mtu.

Jioni ukungu uliinuka. Mlango ukagongwa mara tatu, na sauti ya mwanamke ikapaza, "Mungu awe humu, na awalaani buabua wenu!" Ketill akasukuma kabati. Alikuwa Steinvör, daktari wetu wa bara, utosi unamvuja damu. Akampima mama, akanisifu. Kisha akafungua taulo, akainama karibu.

"Nani amefunga kitovu?"

"Ketill," nikasema.

"Dada," Ketill akasema papo hapo.

Tukatazamana. Kitovu kilikuwa kimekatwa vizuri, kimefungwa kwa uzi mweusi mnene ambao nyumba nzima haina. Fundo lake dogo, la mtu aliyejua kazi. Dirisha letu halijafunguka tangu lilipopakwa rangi.

Wifi yangu ananiambia nishukuru tu, mtoto yu hai. Nimshukuru nani? Tuliyemfungia mlango? Na aliingia saa ngapi, alisimama wapi, mimi nikiwa nimempa mgongo? Inaniudhi kuliko ukungu wote wa kisiwa hiki.

Steinvör aliugusa uzi, akanusa kidole. Maji ya bahari. Akaukausha kwa pamba. Ukalowa tena.