Aling'oa Nondo, Akaniita Mlevi

Nina umri wa miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Kibosho, na natembea kwa fimbo. Wasomaji wenzangu, msinionee huruma. Hasira ndiyo inayoniamsha kila asubuhi!

Nilikuwa dereva wa mlowezi mmoja wa Moshi, tuliyemwita Bwana, aliyepagawa na mashindano ya magari. Fundi wake alikuwa Rafaeli, rafiki yangu tangu utotoni. Rafaeli hakutaka gari kama la wengine... Kwanza aliihamishia injini nyuma. Ikachemka kama chungu cha makande, tukarudi tukisukuma huku watu wakitucheka. Kisha akaja na jipya: magurudumu ya nyuma nayo yakate kona pamoja na ya mbele!

Tulipolijaribu, gari lilizunguka lenyewe nusura linitupe nje. Nikakataa kuliendesha. Rafaeli akaahidi kuyafunga yale magurudumu kwa nondo mpaka atakapolirekebisha. Nondo niliiona kwa macho yangu ikifungwa.

Jumapili ya mashindano, kule tambarare ya Chekereni, Bwana hakutaka kuhatarisha shingo yake. Akaniketisha mimi kwenye usukani. Nikauliza kama nondo ipo.

"Ipo, kaka. We kanyaga tu," Rafaeli akanijibu.

Haikuwepo! Alikuwa ameing'oa asubuhi ile, maana alitaka wazungu wauone uvumbuzi wake. Kona ya kwanza tu, gari likayumba mkia, likabingiria mtaroni... Mguu wangu ukavunjika vibaya.

Lakini mguu si kitu. Sikieni alichofanya baadaye! Ili asichekwe tena, alimwambia Bwana kuwa nilikuwa nimelewa. Kisha akapanda Kibosho, akamwambia mama yangu hivyohivyo, nje ya kanisa, mbele za watu.

Pombe ndiyo iliyomuua baba. Tangu hapo mama hakupika mbege, pombe yetu ya ndizi, hata kwenye harusi ya dada yangu, akasemwa na kijiji kizima. Nami nilimwapia kuwa sitaionja maishani. Na sikuionja! Mama alipokuja hospitali alisimama mlangoni, hakukaa.

"Hata wewe, Anselmi?"

Nikalia, nikaapa. Angeniaminije, wakati aliyesema ni Rafaeli, ambaye yeye mwenyewe alimlisha kama mwanawe?

Mama alifariki kabla sijaweza kutembea. Alikufa akijua amezaa mlevi...

Baada ya matanga, Rafaeli akaja kwangu na mbuzi na tawi la isale, ule mmea tunaoupanda mipakani. Kwetu Uchagani, anayekuletea isale amekiri kosa, na humkatalii hata kama amekuulia ndugu. Wazee walikuwa wamekaa wakinitazama. Akasema yote, nondo na uongo wake!

Sasa ndiyo anasema? Nikamjibu, "Mpelekee mama. Yeye akipokea, nami nitapokea."

Wazee wakaguna. Rafaeli akaenda migombani alikozikwa mama, akalichomeka lile tawi kaburini, akaondoka na mbuzi wake bila kugeuka.

Ndugu zangu, nawasihi! Ukikabidhiwa usukani wa gari la majaribio, shuka ukague mwenyewe, hata kama fundi ni rafiki yako. Na kama unajua ukweli unaomsafisha mwenzako, useme leo, wakati anayepaswa kuusikia bado anasikia. Ukiliambia kaburi, nani atakujibu?

Lile isale limeshika mizizi. Kila nikipalilia pale nalishika niling'oe, nashindwa. Wazee wanasema mama amekwisha kupokea. Labda. Lakini Rafaeli akipita njiani akanisalimu, mimi bado sijaitikia.