Mzigo Urudi kwa Mwenyewe

Alhamisi. Saa 2:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha Sylviane, fundi Mkongo wa simu na taa za sola, kambi ya wakimbizi ya Kakuma Moja. Bati juu, bati kando, joto la kuivisha mkate. Watu wanne. Kiti kimoja. Emanikor ndiye aliyekikalia.

"Tunaiba lori," alisema. "Mchana. Watu wakiona."

Hakuna aliyecheka. Emanikor aliendesha malori ya chakula cha msaada miaka ishirini na tisa. Wenyewe husema aliwahi kulipitisha lori mtoni, maji yakiwa kifuani mwa ngamia, na unga haukulowa. Alipanga betri tatu mezani.

"Hii Kakuma. Hii laga ya kina Awoi. Hii hoteli, Lodwar."

Awoi, mwokota taka, alikuwa amesimama. Alichomoa kitu ndani ya shuka lake, akakitupa mezani. Taa ya sola, imepasuka, imejaa mchanga. Chini yake kulikuwa na alama iliyokwaruzwa kwa msumari.

"Hiyo chapa ya mbuzi ya baba yangu," alisema. "Naweka kwa kila taa naokota, ndio wasichanganye yangu na ya wengine. Hii niliwauzia watu wa Rejesho mwezi wa pili. Karatasi yao inasema ilienda kiwanda Nairobi, ikayeyushwa. Jumapili nimeitoa ndani ya kisima yangu."

Sheria ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililouma zaidi. Anayeleta nchini taa, simu, betri, hata chupa ya soda, ni juu yake kuikusanya ikifa. Wenye viwanda walikuwa mbali na jua la Turkana, basi kazi wakaipa kampuni moja, Rejesho Kaskazini. Rejesho ikanunua mizoga ya betri Kakuma. Ikapima. Ikapiga picha. Ikapakia lori. Kisha lori likaenda nusu ya safari na kumwaga kila kitu kwenye laga, mto mkavu ambamo wanawake huchimba mchanga kupata maji. Mbuzi kumi na mmoja wa Awoi walikufa wakitoa povu. Maji yakawa na ladha ya msumari.

"Wingu limeanza kukaa huko juu," Awoi alisema. "Wakimwaga tena leo, mvua ikinyesha, hiyo sumu inashuka kisima zote. Halafu tunahamia wapi? Kwa mwezi?"

"Hawamwagi leo," Emanikor alisema. "Saa nane wenye viwanda wanakaa hotelini wampe Adome, meneja wa Rejesho, cheti cha usafi. Tunawapelekea mzigo wao langoni. Jina lao si limeandikwa kwa kila betri?"

Alimgeukia Chuol, mlinzi anayesindikiza lori la Rejesho mpaka mwisho wa kambi.

"Dereva inasimama kwa miraa," Chuol alisema. "Saa tano. Kila safari. Kibanda ya Alek, si ingine."

"Na injini?"

Sylviane alitema kijiti cha meno. "Haizimi. Ile starta, miye njo nilitengeneza. Akizima tu, haitawaka tena. Anaogopa sana."

"Ulitengeneza nini sasa, kama haiwaki?"

"Nilitengeneza ife, papa. Na alinishukuru."

Hapo walicheka. Chuol na Sylviane wangebaki; hawakuwa na kibali cha kutoka kambini, na kizuizi cha kwanza cha polisi kingewameza. Lodwar ingekuwa ya Emanikor na Awoi.

Walipokuwa wakitawanyika, Emanikor aliinua betri kubwa ya gari, akaipimapima mkononi.

"Fundi. Hii ikipasuliwa, risasi ya ndani inafika kilo ngapi?"

"Unauliza ya nini?"

"Kuuliza tu."

Awoi alimtazama. Kuna watu Kanamkemer, pale Lodwar, wanaoyeyusha madini ya risasi ya betri, wanatengeneza vizito vya nyavu, vinauzwa mpaka kwa wavuvi wa Lowarengak, ziwani. Kila mtu anajua. Alitoka nje, akampigia mama yake simu. Hakuongea hata dakika moja.

Saa 5:04.

Lori likasimama kwenye kibanda cha Alek. Injini ikinguruma. Dereva akaruka chini, mkono mfukoni. Chuol akashuka nyuma yake.

"Ejok, Alek! Leo iko laini ama umetuwekea kuni?"

Dereva aliinama kuchagua miraa. Emanikor alipanda mlango wa kulia. Awoi wa kushoto. Gia ikaingia.

"Wewe! Wewe!" dereva alipiga kelele, akaanza kukimbia. Chuol, mlinzi mwaminifu, alikimbia pia. Alikimbia mbele yake kabisa, akajikwaa, akamwangukia. Lori lilitifua vumbi ambalo, Alek anaapa, lilitua siku ya pili.

Saa 6:25.

Lami ilikuwa inatoka jasho. Nyuma, betri ziligongana kama meno ya mtu mwenye homa. Emanikor alikuwa akitazama vichaka vya kando.

"Hapo mbele kuna njia ya kuingia porini," alisema. "Kuna kanta, lori ndogo, inangoja. Tunapakua, tunagawana, unaenda nyumbani."

"Hoteli iko Lodwar."

"Hoteli! Ukimwaga takataka kwa lango la wakubwa, watafagia. Dakika kumi. Hiyo hasira yako utaila?"

"Hao watu wako wakiyeyusha, moshi wanapeleka wapi? Na ile maji kali ya ndani?"

"Si kwa laga yako."

"Kwa laga ya nani?"

Emanikor alivua ala ya ngozi ya kisu cha mkononi, kile cha duara wazee wanachovaa kama bangili. Makali yakang'aa juu ya usukani.

"Usinifanye nikushushe vibaya, mama."

"Ulisema langoni, kwa chumba ya Sylviane."

"Nilisema tunaiba lori. Si nimeiba?"

Awoi akatazama barabara.

Mbele, kando ya lami, alisimama mwanamke mzee. Mkavu, mrefu, shanga mpaka kidevuni. Alikuwa ameinua juu mtungi wa njano, mdomo wake ukitazama chini. Mtupu.

Emanikor alitukana. Mguu wake ukakanyaga breki.

Dereva wa barabara ile hampiti mtu aliyeinua mtungi. Akiwa na haraka, akiwa na mgonjwa, akiwa na shetani nyuma. Anasimama, anamimina nusu ya maji yake, anaondoka. Miaka ishirini na tisa Emanikor hakuwahi kumpita hata mmoja. Siku hiyo alijaribu. Mguu ulikataa.

Lori likasimama. Kutoka kwenye vichaka wakainuka wanawake. Kumi. Ishirini. Thelathini na zaidi. Wakakaa mbele ya magurudumu. Wengine wakapanda juu ya mzigo na fimbo zao za kuchungia.

"Wewe ndiye uliwaweka," Emanikor alisema polepole.

"Nilijua utasimama."

"Huo ni ubaya, Awoi. Kunitega na maji."

"Ubaya?" Awoi alimgeukia. "Mbuzi yangu ilikufa na maji! Funika hiyo kisu. Endesha. Hawa watashuka Lodwar."

Mama mzee wa mtungi, mamake Awoi, alipanda katikati yao. Kwanza alikunywa.

Saa 8:12.

Lango la hoteli. Ndani kulikuwa na hema jeupe, kipaza sauti, na maji ya chupa mezani. Meneja Adome alikuwa ndiyo kwanza amekishika cheti.

Lori lilijaa langoni, pua ndani, mkia nje. Awoi akachomoa ufunguo. Injini ikafa, na fundi yeyote wa Lodwar angeapa ilikuwa imekufa wiki nzima. Emanikor aliruka dirishani, kisu na yote, akapotea nyuma ya soko. Aliyemwona anasema hakugusa chini.

Wanawake walianza kurusha. Betri. Taa. Simu. Chupa. Mgeni mmoja wa Nairobi alichukua taa iliyosimama mbele ya kiatu chake, akaigeuza, akasoma jina la kampuni yake. Akaiweka chini taratibu, kama yai.

Polisi walifika haraka, kwa kuwa walikuwa ndani wakila. Inspekta Erupe akamfunga Awoi pingu. Meneja Adome alikuja mbio, akitabasamu kwa meno tu.

"Inspekta, ni kutoelewana. Hatuna malalamiko. Mwachilie huyu mama aende. Tutaondoa mzigo wetu leo leo."

Leo leo. Awoi alijua mzigo ungeondolewa kwenda wapi.

"Mimi ni mwizi," alisema kwa sauti.

"Mama, wamekusamehe," Inspekta alisema.

"Nimekataa! Nimeiba lori mchana, watu wakiona. Andika. Na hizi zote ni ushahidi."

Inspekta alikuna shingo. Alijua mama huyu alikokuwa anaelekea. Kituoni kwake kulikuwa na mbuzi wa wizi aliyeshikwa kama ushahidi. Alikuwa amezaa mara mbili, kesi haijasikizwa. Ushahidi hautoki kituoni. Haumwagwi. Kila kipande huandikwa, na jina la mwenyewe.

"Inspekta, tafadhali," Adome alisema. Hakuwa anatabasamu tena. Nyuma yake wenye viwanda walikuwa wamesimama wote, wakisikiliza.

Inspekta alimtazama meneja. Akatazama taa zilizolala langoni. Mama yake mwenyewe huchota maji kwenye laga, huko Kaikor. Akafungua kitabu.

"Konstebo, leta ya kwanza."

Awoi alikaa chini kwenye kivuli cha lori, pingu mapajani. Wanawake wakakaa pamoja naye.

"Pole pole," alimwambia konstebo. "Usiruke hata moja."