Kopo la Krimu ya Usiku

Jumatatu asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, binti mmoja alijitazama kwenye kioo cha bafuni akapiga ukelele ulioamsha jirani. Uso ulikuwa umevimba, umewiva, na mashavu yanamenyeka kama kiazi cha kuchemsha.

Kabla ya adhuhuri watu walikuwa wameshajaa mlangoni kwa mfamasia aliyemuuzia krimu. Wengine walikuja na mawe. Polisi walimtoa mwanamke huyo kwa mlango wa nyuma, wakafunga duka lake. Kesi akapewa inspekta ambaye wenzake walimwita Kobe. Hakuwa na haraka, na jina lenyewe hakulichukia.

"Ulimpa nini?" Kobe alimuuliza mfamasia kituoni.

"Ngozi yake kavu, afande. Nilimpa krimu ya vitamini A, hafifu, apake usiku mara mbili kwa wiki, na mafuta juu yake. Nikamkanya: asidi ya chunusi asiiguse."

"Akichanganya?"

"Ngozi kavu? Ataungua. Afande, duka likifungwa nimekwisha. Nani atapaka dawa ya mkono wangu tena?"

Kobe aliyaandika yote daftarini. Kesho yake alikwenda nyumbani kwa binti. Mlango ulifunguliwa na dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Uso wake uling'aa kwa mafuta ya asili, wala haukuwa na kipele.

"Mwenye saluni ndiye," dada alisema hata kabla ya kuulizwa. "Alikuja Jumapili kumsuka mdogo wangu, akaingia bafuni. Yeye na mfamasia hawapikiki chungu kimoja!"

Kobe akavuka barabara hadi saluni.

"Nilinawa mikono, basi," mwenye saluni alifoka. "Yule mwanamke simpendi, sikatai. Ila uso wa mtoto wa watu umenikosea nini?"

Aliporudi, Kobe aliomba kopo la krimu. Lilikuwa dogo, limejaa pomoni.

"Umelitumia tangu lini?" alimuuliza binti.

"Miezi miwili. Ijumaa nilikuwa nakwangua kwangua." Binti akalichungulia, akashtuka. "Mbona limejaa?"

"Hukuliona juzi?"

"Nilipaka gizani, umeme ulikatika."

Dada akaleta maji ya kunywa. Kobe alipokea glasi, asiuachie mkono wa dada.

"Vidole vimepatwa na nini, dada?"

"Sabuni ya kufulia, afande."

"Sabuni gani hiyo inayochagua? Hiki cha shahada na cha kati vimebambuka, vingine vizima. Mtu hafui kwa vidole viwili. Kukoroga kopo, hapo sawa."

Dada akakaa chini.

"Ana usaili Ijumaa," alisema. "Kusoma habari kwenye televisheni. Ana madoa, na mimi chunusi zangu ziliondoka kwa asidi ya kumenya ngozi. Nikaona dawa mbili zitafanya kazi upesi kuliko moja. Nikaimimina humo, nikakoroga."

"Ngozi yako ina mafuta, inahimili. Yake kavu. Na mfamasia alipokaribia kupigwa mawe, mbona hukusema?"

"Niliogopa. Huyu ni mwanangu, afande. Akinichukia nitabaki na nani?"

Binti alikuwa analia, na machozi yalimchoma mashavu. Alikasirika kuliko alivyowahi kukasirika maishani.

"Kuniunguza umekosea, nitapona," alisema. "Lakini ulikuwa unamfungisha mtu asiye na hatia, na huyo wa saluni ukamwongeza! Vaa viatu. Utakwenda kuyasema haya mbele ya watu wale wale."

Kobe akaagiza mfamasia aletwe dukani kwake, nao wakaongozana mtaani mchana kweupe, binti akiwa na uso wake wazi, watu wakigeuka kumtazama. Mbele ya duka, umati ukiwa umekusanyika tena, dada alisema yote, sauti ikikatika, akamwomba radhi mfamasia na mwenye saluni. Waliokuja na mawe jana walianza kuondoka mmoja mmoja. Kobe akabandua utepe wa polisi mlangoni.

Mfamasia alimpita dada. Kumsamehe kungehitaji siku nyingi. Alimvuta binti kwenye mwanga, akampima mashavu kwa macho.

"Maji na mafuta mepesi tu. Krimu zote weka kando mpaka ngozi itulie."

"Na usaili?"

"Nisomee hapa," mfamasia alisema, akampa gazeti la jana.

Binti akasimama wima, akasafisha koo, akaanza kusoma. Mpita njia aliyekuwa anavuka barabara alisimama kumsikiliza.