Nilikubali Kuitwa Muuaji wa Mtoto wa Mdogo Wangu

Nina miaka arobaini na mmoja, sina mume wala mtoto, na ninauza samaki wakavu huku Musonoi, mtaa wa mji wa migodi wa Kolwezi. Siku hizi watu wakiniona wanavuka barabara... Wala si kwa harufu ya samaki! Wanasema mimi ni mchawi, nimeua mtoto wa mdogo wangu. Na mimi sijakana.

Huyo mdogo wangu, Ngalula, ndiye ndugu pekee niliyekuwa naye. Wazazi wetu walikufa mapema, mimi nikambeba mgongoni, nikamlea, nikamwozesha. Hakuna jambo alilofanya bila kuniuliza mimi, yaya wake, yaani dada yake mkubwa.

Tulikulia jirani na Kasulo, mahali ambapo watu walichimba madini ya kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Sisi pia tulichimba! Shimo lilikuwa katika chumba cha kulala, sisi tukalala sebuleni, na lile shimo likatulisha.

Siku moja wakaja vijana wapole, wenye fulana safi. Walisema wanahesabu watu wa kila nyumba ili tugawiwe vyandarua vya mbu. Wakaandika namba kwa rangi nyekundu kwenye mlango wetu. Ngalula alikuwa bado msichana, akawaletea maji ya kunywa na kuwashukuru. Tukasubiri vyandarua... zikaja mashine! Kila nyumba yenye namba ilibomolewa ili wakubwa wa mgodi wachukue kobalti iliyo chini yake, na sisi tukahamia huku. Hadi leo sijaona chandarua.

Miaka ikapita. Ngalula akaolewa, akamzaa Jeremi, kisha Dorkasi. Mimi nikawa relais, yaani mtu wa mtaa anayepita nyumba kwa nyumba kwa niaba ya kituo cha afya. Surua ilipoanza kuua watoto, tulitumwa kuhesabu watoto wa kila nyumba na kuandika idadi yao kwa chaki mlangoni, ili wauguzi wa chanjo wajue pa kuingia.

Nilifika kwa Ngalula kwa furaha, nikaandika. Alipotoka na kuona ile namba, uso wake ulibadilika.

"Yaya, uko naandika nini ku mulango yangu?"

"Batoto tu. Ni ya vaccin."

"Na bale ba zamani balisema njo ya chandarua ya mbu!"

Nilicheka. Wanawake waliokuwa wakichota maji bombani wakacheka pamoja nami. Nikamwambia aache ujinga, nikaenda nyumba ya pili.

Nilikuja kujua baadaye kwamba nilipogeuka tu, aliifuta ile chaki kwa kitambaa chenye maji. Kwenye simu yake kulikuwa na sauti ya mwanamume fulani, iliyokuwa ikizungushwa mtaa mzima. Eti chanjo ni ya kumaliza watoto, ili wazazi wahame kwa huzuni, na wakubwa wachukue kobalti iliyo chini yetu. Upuuzi mtupu!

Lakini fikirini, ndugu zangu... Nani aliyewahi kumwambia Ngalula ukweli? Wale wapole walimdanganya. Wakubwa hawakuwahi kumjibu. Huyu wa kwenye simu angalau alisema jambo ambalo Ngalula alikwisha kuliona kwa macho yake: namba mlangoni, kisha nyumba hakuna. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Na dada yake mwenyewe alikuwa anacheka.

Siku ya chanjo aliwafungia watoto ndani. Wauguzi hawakuona namba, wakapita.

Jeremi alianza kwa homa na macho mekundu, vikafuata vipele. Nilibisha mlango, nikasihi, nikalia. Hakunifungulia! Alipokubali kumpeleka hospitali, mtoto alikuwa anapumua kwa shida. Jeremi alifia mikononi mwa mama yake.

Kwenye kilio nilitafuta nafasi mkekani, kati ya wanawake wa ukoo. Ngalula akasimama mbele ya wote.

"Weye njo uliandika mutoto yangu! Mi nilifuta, lakini namba ilikuwa ilishaenda kwa bakubwa. Balikupa nini, yaya?"

Sikulia. Kitu fulani ndani yangu kilizimika, na mpaka leo hakijawaka. Jibu lilikuwa mdomoni: ni wewe uliyefunga mlango! Nikamtazama, nikaona kwamba akiupokea ukweli huo utamuua. Ule uongo ndio uliokuwa umemshikilia asianguke. Ningeuondoaje?

Ila Dorkasi alikuwa mgongoni mwake, na surua ilikuwa bado mtaani. Shemeji yangu aliniambia mkewe hataki hata kusikia habari za chanjo.

Kesho yake asubuhi nilirudi. Watu walikuwa wamejaa uani. Nikapiga magoti mbele ya mdogo wangu.

"Ngalula, ni mukono yangu njo iliua Jeremi. Ni miye. Shindano ya vaccin haina kosa, na banganga benye kuipiga habajui kitu. Beba Dorkasi, umupeleke ku dispensaire ya mbali, kule kenye habanijui. Mi sitakuya tena ku mulango yako."

Mwanamke mmoja akanitemea mate. Shemeji akanivuta nje haraka, kwa sababu vijana walikuwa wameanza kuokota mawe.

Siku hiyohiyo Ngalula alimpeleka Dorkasi kwenye zahanati ya mbali, akachanjwa.

Kituo cha afya kiliniachisha kazi, maana nani atamfungulia mchawi? Na uongo wangu umezaa mwingine. Sasa mtaani wanasema chaki inaua kweli, si mwenyewe alikiri? Watoto wangapi wamefichwa kwa ajili ya maneno yangu? Sijui... na nimeacha kujiuliza.

Miaka imepita, na juzi nilikutana na Ngalula kwenye kona ya soko, amemshika Dorkasi mkono. Mtoto amenawiri, amevaa sare ya shule. Ngalula akamfunika uso kwa kitenge ili nisimtazame. Sikusikia uchungu. Nilisema moyoni, mfunike tu, mdogo wangu, mradi ni mzima.

Wasomaji wenzangu, nawasihi, msipite njia yangu! Ndugu yako akiamini jambo la ajabu, usimcheke mbele ya watu. Ukimcheka, atakwenda kwa yule asiyemcheka. Kaa naye, muulize nani alimdanganya kwanza, na ukubali kwamba kweli alidanganywa. Hapo ndipo atakusikiliza.

Mimi nilikuwa na haraka ya kwenda nyumba ya pili. Ningekaa naye kidogo pale mlangoni, Jeremi angekuwa darasani leo.