Mkono wa Pili

Saa 3:10 asubuhi.

Watatu walichuchumaa kwenye turubai, chumba cha nyuma cha fleti tupu. Fundi pekee ndiye aliyekuwa na haki ya kuwa pale. Mwenye nyumba alimpa ufunguo na kazi ya kuziba matundu ya misumari kabla mpangaji mpya hajahamia. Matundu arobaini na moja. La arobaini na mbili alilitoboa mwenyewe kwa drili. Lilitokea chumbani kwa sonara wa fleti ya jirani, mkabala na kasha lake la chuma. Siku tatu alichungulia mpaka akazishika namba za kulifungulia.

"Sonara katoka," alisema Glavu. Ndiye mkubwa wao, na hakuna aliyewahi kumwona amevua glavu. Alikuwa akitafuna njiti ya kiberiti. "Ufunguo wa bandia ninao. Mimi na shemeji yako tunaingia. Wewe unaziba tundu sasa hivi. Polisi wakija, wakute ukuta mzima."

"Linataka mikono miwili ya jipsamu," Fundi alisema. "Mkono wa kwanza ukikauka, jipsamu inanywea. Panabonyea. Unapiga wa pili ndipo panalingana."

"Piga hata kumi. Nikirudi liwe limezibwa."

Shemeji akacheka. Alikuwa mume wa dada yake Fundi, mtu wa mdomo usio na breki.

"Ukimaliza hapo, shemeji, uje unizibe na hili pengo la meno. Dada yako ananicheka."

"Unaongea sana," Glavu alimwambia. Akamtazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Fundi hakuupenda mtazamo ule. Asubuhi dada yake, akidhani wanakwenda kupaka rangi, alimwambia mlangoni: "Mwangalie mwenzako, asipande ngazi ndefu. Unirudishie."

Saa 3:32.

Glavu alitema njiti kwenye turubai. Akachukua nyundo ndani ya ndoo ya Fundi.

"Ya nini?" Fundi aliuliza. "Namba si tunazo?"

"Labda itahitajika."

Wakatoka. Kitasa kikalia mara mbili. Glavu alikuwa amemfungia kwa nje, kwa ufunguo ulioachwa mlangoni.

Saa 3:36.

Jipsamu ilikuwa tayari kwenye kikwanguo. Fundi hakuziba. Aliambiwa amwangalie mwenzake, akaweka jicho kwenye tundu.

Shemeji alipiga magoti, akabonyeza namba, kasha likafunguka. Akamrushia Glavu mfuko wa dhahabu. Kisha akageukia ukutani, kwa sababu alijua jicho la nani liko pale, akapunga mkono na pengo lake wazi. Nyuma yake nyundo ilipanda.

Ikamshukia mara moja. Halafu tena.

Fundi aling'ata mkono wa shati lake. Alitaka kupiga kelele na hakupiga. Aliogopa, akajichukia kwa kuogopa.

Saa 3:41.

Nyayo koridoni. Fundi aliiona njiti kwenye turubai, bado ina mate. Akaiokota kwa ncha ya kikwanguo, akaisukuma ndani ya tundu, akaishindilia jipsamu juu yake. Mkono mmoja. Akasawazisha.

Mlango ukafunguliwa.

"Shemeji yako kashukia ngazi za nyuma," Glavu alisema. "Tutamkuta jioni."

"Sawa."

Glavu aligusa ukuta. Kidole cha glavu kikatoka cheupe.

"Mbona mbichi?"

"Mkono wa pili."

Glavu alikitazama kidole, akamtazama Fundi, akaupapasa ukuta tena.

"Kazi safi. Mimi hapa sijawahi kufika."

Akaondoka na mfuko.

Fundi alikaa sakafuni. Kesho pale patabonyea. Atakayepachokonoa ataikuta njiti yenye mate ya Glavu, na wa kwanza kuulizwa atakuwa fundi mwenye ufunguo. Atajibu yote. Alikuwa ameshaamua.

Upande wa pili wa ukuta simu ikaanza kuita. Ikaita mpaka ikakatika. Kisha ikaita ya kwake, mfukoni.

"Mwenzako hapokei," dada yake alisema. "Usiniambie kapanda ngazi."

"Dada," Fundi alisema, "kaa kitako kwanza."