Hakuna Aliyefia Humu Ndani

Wewe umewahi kuona mchawi asiyeweza kutembea?

Mimi nilionyeshwa mmoja. Alikuwa Nduta, dada mkubwa wa marehemu mama yangu, niliyemwita Tata, ndiye aliyenilea. Kila nilipokwenda kufanya mtihani alinitemea mate kidogo kiganjani, baraka ya wazee wetu, kisha akakifunga kiganja changu kwa vidole vyake ili baraka isimwagike. Baadaye nyonga yake ilivunjika akikama ng'ombe. Tangu hapo alitoka kitandani hadi mekoni kwa mkongojo, akipumzika njiani kama mtu anayepanda mlima.

Julai mwaka jana, katika baridi ile ya Tetu inayoingia hadi kwenye meno, alikutwa alfajiri amekufa katikati ya majani chai ya jirani, Mzee Wambugu, ng'ambo ya ua. Alikuwa na gauni la kulalia, miguu mitupu. Wambugu akatangaza kwamba bibi kapambazukiwa akiwa kwenye shughuli zake za usiku. Kabla chai ya asubuhi haijapoa, kijiji kizima kilikuwa kimekumbuka ng'ombe aliyetupa ndama na mtoto aliyechelewa kusema. Jeneza halikuingizwa kanisani. Lilipitishwa nje kama gunia la makaa. Na Theuri, mwanawe wa pekee, mzee wa kanisa hilohilo, alisimama pale na tai yake shingoni, kimya.

Julai hii akanialika nipumzike. Nyumba ya mama yake ameigeuza koteji ya wageni. Unalipia kitanda na mandhari, chakula unajipikia. Nikaenda na viazi, minji, na hasira. Nilitaka jambo moja tu kutoka kwake: Jumapili asimame mbele ya kanisa aseme mama yake hakuwa mchawi, na jina lake lisomwe pamoja na marehemu wengine.

Alinipokea langoni bila kunipa mkono. Ule wa kulia alikuwa anaufuta kwenye suruali. Akaufuta tena, kama mtu aliyeshika samaki.

Alinitembeza kama vile sikukulia humo. Gesi hii hapa, sufuria zile pale, bafu la maji moto, zulia jipya sakafu nzima. Ukutani, kati ya kibuyu na kiondo, ulitundikwa mkongojo wa Tata, ukimulikwa na taa ndogo.

"Wageni wanapenda vitu ya kienyeji," alisema.

"Alifikaje kwa Wambugu bila huu?"

"Wazee wakishikwa na kitu hupata nguvu. Wewe Warigia uko na maswali mingi." Kisha, bila mtu kumwuliza, akaongeza, "Hapa ni pasafi. Hakuna mtu amewahi kufia humu ndani. Siku hizi wageni wanauliza."

Nikacheka. Zamani wazee wetu walimtoa nje anayekata roho, maana nyumba iliyofiwa ilihesabiwa imeharibika. Iliachwa ianguke yenyewe. Haya ndiyo mambo ambayo Theuri huyakemea kila Jumapili kwa kipaza sauti. Nikamwuliza tangu lini mzee wa kanisa akaogopa nyumba iliyofiwa.

Alifuta mkono. Habari ya kusimama kanisani nayo akaikataa, ati tusifukue mambo, ati Mungu anajua. Akawasha gari akarudi Kiganjo, ambako ana duka la vifaa vya ujenzi.

Alasiri hiyo nilikuwa naponda viazi na minji kupata irio, jua linawaka, mlima unaonekana wote hadi kwenye theluji. Kisha ukungu ukashuka. Huku kwetu ukungu haubishi hodi.

Kitu kingine kikabisha.

Chini ya mlango. Chini kabisa, pale ambapo kuku angedonoa. Nikaacha mwiko, nikafungua. Hapakuwa na mtu, wala kuku. Nikafunga. Kikabisha tena, taratibu, kama mtu anayeona haya kusumbua.

Kisha nikaisikia sauti. Ya Tata, ile yake ya kuomba radhi.

"Theuri. Huku kuna baridi."

Nikarudi nyuma hadi kitandani, na soksi zangu zikalowa. Nikainama nikashika zulia. Lilikuwa limenyonya maji. Nikalikunja. Chini yake, juu ya mbao zilizopigwa vanishi, palikuwa na mistari miwili ya maji. Sambamba. Upana wa visigino. Kutoka kitandani hadi mlangoni.

Nikaipangusa kwa taulo. Ikarudi. Nikaipangusa kwa shuka. Ikarudi na matope.

Nilisimama pale na shuka mkononi, na woga wangu ukaanza kukauka. Anayetembea huacha nyayo. Mistari huachwa na anayeburutwa.

Nililala garini, milango imefungwa, mkongojo kifuani.

Kesho yake nilimpigia Theuri, nikamwambia koteji yake inavuja. Alikuja haraka kuliko alivyowahi kuja mama yake akiugua. Wambugu nilimwita kwa chai, naye ni mtu ambaye hajawahi kuipita chai ya bure. Sikumwambia yeyote kati yao kuhusu mwenzake.

"Msichana wa Nduta," Wambugu alisema akiketi, "umenona. Naona hukurogwa."

"Bado nangoja zamu yangu, Mzee. Sukari hiyo hapo."

Theuri aliingia, akaona zulia limekunjwa. Alisema ni unyevu tu, fundi alitumia mbao mbichi. Nikamwuliza mbao gani hizi mbichi, zinazolia mistari miwili tu. Akaketi mgongo wake ukiuelekea mlango, na mkono wa kulia akauficha chini ya meza.

Tukanywa chai. Wambugu akasimulia bei ya maziwa. Nje jua likafifia, dirisha likawa jeupe.

Hodi.

Chini ya mlango.

Kikombe cha Wambugu kilisimama njiani kabla ya kufika mdomoni. "Ndiye," akanong'ona. "Si nilisema? Ndiye."

Nikauchukua mkongojo nikauweka mezani mbele yake. "Basi nenda umfungulie, Mzee. Umwulize anamroga nani. Anagonga chini kwa sababu amelala. Ni mchawi gani huyo hata kuinuka hawezi?"

Wambugu hakuugusa.

Mlango ukajifungua, nafasi ya mkono. Ukungu ukaingia. Kwenye kizingiti maji yakaanza kung'aa. Mistari miwili. Safari hii ilikuwa inakuja ndani. Polepole. Ikasimama kupumzika, kama mtu anayepanda mlima. Ikaendelea. Ikapita mguu wa meza. Ikapita kiti changu. Hatukuona mguu. Hatukuona mtu. Ikafika nyuma ya viatu vya Theuri, ikakoma hapo.

Mbao hizo zimepigwa randa tangu siku ile. Zimeng'olewa, pakawekwa vigae. Mistari iko kwenye vigae.

Theuri hakugeuka. Chini ya meza kitu kilikuwa kinadondoka, tone baada ya tone. Akautoa mkono wake akauweka mezani, na maji yakatiririka kutoka kiganjani hadi kwenye kitambaa cha meza.

"Haukauki," alisema. "Nimeenda hadi kwa daktari. Haukauki."

"Sema," nikamwambia. "Wambugu asikie."

"Alikuwa mzee. Wazee hupotea."

"Theuri. Nani alimburuta mama yako?"

Wambugu alikiweka kikombe chini. Akamtazama Theuri kwa mara ya kwanza tangu aingie, kisha akautazama mkongojo. Nilimwona akifanya hesabu ambayo angeifanya mwaka mzima uliopita, kama angetaka.

Theuri alizungumza na kiganja chake.

"Fundi walikuwa wamemaliza. Wageni wa kwanza walikuwa wafike asubuhi, yeye nimhamishie Kiganjo mapema. Nikaingia kumwangalia, nikaona anaenda, pumzi inakatika. Nikajiambia, si humu ndani. Mahali popote, lakini si humu ndani. Nikamshika kwapani."

"Alikuwa amekufa?"

Akatikisa kichwa.

"Na ukaniacha nimwite mchawi," Wambugu alisema kwa sauti ndogo. "Mwaka mzima, Theuri. Mama yako."

Theuri kama hakumsikia. Mlango ulikuwa bado wazi, na baridi yote ya Julai ilikuwa imeketi nasi mezani.

"Alikuwa anapumua," alisema. "Alidhani nampeleka hospitali. Nilipomlaza kwa majani chai aliushika mkono wangu huu, akautemea mate, akaufunga kwa vidole vyake. Akanibariki, Warigia. Nikamwacha hapo."